Kalori za mwili ukiwa umetulia: programu mbili, majibu mawili. Nishike lipi?

MamaDuka_Kirumba:
Wakuu, naombeni msaada. Nina miaka 34, kilo 82, urefu sentimita 160. Sina mimba wala sinyonyeshi. Hapa Kirumba nashinda nimekaa dukani, kwenda na kurudi ni bodaboda. Nataka kujua mwili wangu unachoma kalori ngapi ukiwa umetulia tu. Programu moja ya simu inasema 1,489, nyingine 2,047. Nishike ipi, na hesabu yenyewe inapigwaje? Natanguliza shukrani.

HesabuKwanza:
Dada, zote zimepiga hesabu sawasawa, ila zimejibu maswali tofauti. Fomula ni ya Mifflin na St Jeor, ya mwaka 1990. Kilo mara 10, jumlisha sentimita mara 6.25, toa umri mara 5. Mwanamke anatoa tena 161, mwanamume anaongeza 5. Kwako: 820 + 1,000 − 170 − 161 = 1,489. Hizo ndizo za moyo, ini, ubongo, figo na misuli ukiwa umelala macho, tumbo tupu, husikii baridi.

Ile 2,047 ni 1,489 mara 1.375, yaani programu imekuhesabu kama mtu wa mazoezi mepesi. Ni makadirio ya siku nzima, si ya kutulia. Tena kwa mtu wa kukaa dukani kizidisho ni 1.2, unapata kama 1,787. Rudi kwenye programu uangalie ulijibu nini kwenye swali la shughuli.

Mwana_Nyegezi:
Ukikutana na 1,576 pia usishtuke, hiyo ni fomula ya zamani ya Harris na Benedict, ya 1919. Fomula zote ni wastani wa watu wengi. Hazioni kama kilo zako 82 ni misuli au mafuta, na misuli inachoma zaidi. Weka nafasi ya asilimia 10 kila upande, kwako ni kama 150. Kipimo chenyewe hasa ni mashine inayopima oksijeni unayovuta na hewa chafu unayotoa.

Fundi_Vipimo:
Mnapita haraka kwenye namba zinazoingia. Urefu ukikosea sentimita 5, jibu linasogea kalori 31. Vua viatu na kilemba, fumua rasta za juu, visigino viguse ukuta. Mtu mwingine akuwekee kitabu kigumu kichwani, ubavu wake ulale ukutani wote, achore alama chini yake. Mizani iwe juu ya sakafu ya saruji, si kwenye zulia wala mkeka, kwa sababu inazama na kudanganya. Pima asubuhi ukitoka chooni, kabla ya chai.

MamaDuka_Kirumba:
Asanteni sana. Basi nikila 1,489 kwa siku nitapungua?

HesabuKwanza:
Huenda, lakini usiifanye hiyo namba kuwa kiwango cha kula. Kwanza hakikisha siku yako nzima inatumia ngapi. Kwa wiki tatu andika kila unachokula, jipime kila asubuhi, linganisha wastani wa wiki kwa wiki. Siku moja haisemi kitu, chumvi na hedhi vinashika maji. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Tuseme unakula 1,600 na wastani unashuka kilo 0.2 kwa wiki: 0.2 × 7,700 ÷ 7 = 220, basi siku yako inatumia kama 1,820.

Mwana_Nyegezi:
Hapo ndipo wengi wanakwama, kwenye kuandika chakula. Pima unga mkavu kabla ya kusonga, gramu 100 za mahindi ni takriban kalori 360, kwa sababu ugali uliokwisha iva una maji na uzito wake hautabiriki. Mafuta nayo: kijiko kimoja cha chakula ni kama 120. Ukikaanga sato, pima mafuta kabla hayajaingia kwenye karai na yaliyobaki yakishapoa. Kilichopungua, kihesabu kwa samaki, ugawe kwa vipande.