Although na but kwenye sentensi moja, mbona zakatwa?

BintiKisauni:
Salaam aleikum wakubwa. Mdogo wangu yuko Form Four, mwaka huu yuafanya KCSE, na kila akiandika "Although it rained, but the ferry was full" mwalimu anaipiga kalamu nyekundu hio but. Yeye ananibishia ati Kiswahili twasema "ingawa mvua ilinyesha lakini feri ilijaa" na hakuna anaeshtuka, sasa Kiingereza kina nini? Halafu despite na however nazo azitia popote apendapo. Nipeni kitu cha kumweleza akaelewa, sio "ni rule tu", hio ashaikataa.

Mzee_MjiWaKale:
Waaleikum salaam binti yangu. Kijana ana hoja, usimvunje moyo. Kwetu "ingawa" hufuatwa na "lakini" na sentensi ikakaa, hio lakini yamkumbusha tu msikilizaji kuwa hapa ndipo maneno yageukapo. But ya Kiingereza kazi yake ni kuunga sentensi mbili zilizo sawa kwa sawa, kila moja yaweza kusimama kivyake. Sasa ukishatia although, ile ya kwanza imekuwa tegemezi, hebu mwambie mtu "Although it rained" kisha unyamaze uone kama hatokutolea macho akingoja umalizie, kwa hivyo but haina tena cha kuunga. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Achague moja: "Although it rained, the ferry was full", ama "It rained, but the ferry was full".

chali_wa_majengo:
Mzee na Biblia ya King James ya 1611 je? Kitabu cha Ayubu mna though na yet mstari mmoja. Wenyewe wachanganya bana 😂

Mzee_MjiWaKale:
Yet ya pale ni kielezi, kama "hata hivyo", haiungi kitu ndo maana haigongani na though. Tena ni mtindo wa kizamani, mtihani asiupeleke.

kontena_kilindini:
Mie niko kliaringi na fowadingi, kutwa ni imeli za wateja, na huko however ndo inayoua watu. Utaona "The ship docked on Monday, however the container is still at the port", koma moja basi. However haiungi kama but jamani, weka nukta kabla yake (au nukta mkato) na koma baada yake: "The ship docked on Monday. However, the container is still at the port." Despite nayo haitaki sentensi kamili nyuma yake, yataka jina au kitenzi chenye ing, "despite the rain", "despite paying early". Ukiwa na sentensi kamili rudi kwa although, au despite the fact that, ambayo mie siipendi, ndefu bure. Na despite of hakuna!! Hio of ni ya in spite of.

BintiKisauni:
Shukran sana. Nimemsomea, mara hio hio akaandika "Despite being late, the ferry waited for us". Iko sawa?

kontena_kilindini:
😂😂 hapo feri ndo ilochelewa. Ukitumia ing bila kumtaja mtendaji, mtendaji ni yule anaeanza sehemu ya pili. Aandike "Despite being late, we found the ferry waiting" au "Although we were late, the ferry waited for us".

chali_wa_majengo:
Na kuanza sentensi na But? Tulikatazwa tangu darasa la nne

Mzee_MjiWaKale:
Si kosa la sarufi, waandishi wakubwa wa Kiingereza wafanya hivyo miaka na miaka. Ila wasahihishaji wengine hawaipendi, kwenye insha aipunguze. Binti, mie ningemfanyisha zile za kuandika upya sentensi za pepa ya pili, pale ambapo wampa sentensi kisha wamwambia aanze na Despite. Achukue sentensi moja aigeuze kwa but, although, despite na however, kesho nyengine. Ukitaka tuma hapa ntasahihisha.

BintiKisauni:
Natuma jioni inshallah, sahii ametoka ati aenda kula viazi karai.