Mdogo wangu ana juzuu kumi kwa ghibu, lakini Biolojia haikai kichwani. Tatizo ni nini?

BintiWete
Assalaam alaykum wanajukwaa. Naombeni ushauri, na mzaha tuuweke pembeni kidogo.

Nina mdogo wangu wa kiume, yuko Kidato cha Nne, skuli moja hapa Wete. Anakesha na kitabu mpaka saa nane za usiku. Hicho cha Biolojia kakipaka kalamu ya njano hadi huoni karatasi nyeupe. Asubuhi ukimuuliza, anakutazama tu. Linalonichanganya ni kuwa huyu huyu kahifadhi juzuu kumi za Kurani, na ukimkatia aya katikati anaendelea nayo bila kukwama. Mama anasema hasad, baba anasema simu. Mie nataka kujua wataalamu wa akili na ubongo wanasemaje. Kichwa kinaweza kushika hiki na kukataa kile? Wenziwe wameshaanza kuingia kambi za mtihani.

Mwalimu_Konde
Wa alaykum salaam dada. Kabla ya yote, leo jioni mwache asome ukurasa mmoja, kisha kitabu kifungwe, mpe karatasi tupu aandike alichosoma. Usimsaidie hata neno. Utuletee majibu.

HamadWaBarazani
Habasoda na asali kabla hajala kitu. Na simu mnyang'anye, mzee kashasema kweli.

Kete64
Tumekusikia shekhe Hamad.

Dada, akili ina sehemu ya kufanyia kazi ya papo hapo, na sehemu hiyo ni finyu mno. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller wa Marekani aliandika kuwa mtu hushika hapo kama vitu saba, viwili juu au viwili chini. Mwaka 2001 mwenzake wa fani, Nelson Cowan, akashusha hadi karibu vinne. Vinne tu! Kinachookoa ni kwamba "kitu" kimoja kinaweza kuwa kikubwa. Mcheza bao mzoefu hahesabu kete moja moja, anaona mtaji mzima, yaani mchezo wa kula kete za mwenzake, kwa mpigo. Watafiti Chase na Simon walilipima jambo hili kwenye sataranji mwaka 1973: mabingwa walikumbuka vizuri sana mpangilio wa mchezo wa kweli, lakini kete zilipotawanywa ovyo, ubingwa ule karibu wote ukayeyuka. Kwa hiyo hawakuwa na vichwa vikubwa kuliko wengine. Walikuwa na mafungu yaliyokwishajengeka.

Sasa mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili akifika sekondari anakuta Biolojia ni Kiingereza. Nafasi mbili tatu zinaliwa na maneno, moyo na mishipa vinabaki nje.

Nassor_Mkoani
Hapo sikubaliani nawe. Kiarabu anakijua? Mbona juzuu kumi zimekaa?

BiMwanaidi
Swali zuri Nassor, na jibu liko chuo cha Kurani. Mwanafunzi anafanya nini kwa maalim? Kwanza anasoma somo la jana bila kutazama msahafu. Akikosea anasahihishwa pale pale. Ndipo anapewa jipya. Baada ya siku anarudishwa nyuma, anadurusi ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita. Kila siku anakitoa alichokiingiza.

Watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke walichapisha jaribio lao mwaka 2006. Wanafunzi walisoma makala; kundi moja likarudia kusoma, jingine likafunga na kuandika yote yanayokumbukwa. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki mambo yakageuka: walioandika walikumbuka asilimia 56, waliorudia asilimia 42. Kalamu ya njano inafanya ukurasa uonekane umezoeleka, na mtu anadhani kuzoea ndiko kujua.

Ila kuna tofauti moja. Kuhifadhi lafdhi ni jambo moja, kueleza maana ni jingine. Mtihani utamuuliza kwa nini, kwa hiyo asikariri Biolojia kama aya. Aseme kwa Kiswahili chake kwanza, kisha ayapeleke kwenye Kiingereza.

Tabibu_Chake
Naongeza machache. Kumbukumbu si chumba kimoja. Henry Molaison wa Marekani alipasuliwa ubongo mwaka 1953 kutibiwa kifafa, akatoka hawezi kushika jambo jipya. Lakini mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, na siku hadi siku mkono ukazidi kuwa mzuri, naye anaapa hajawahi kuifanya. Kwa hiyo kijana kushika hiki na kukosa kile si dalili ya maradhi. Mpimeni macho, basi.

Na huko kukesha mpaka saa nane mkukomeshe. Usingizi ndio unaotuliza alichosoma.

BintiWete
Nimerudi na majibu ya Mwalimu Konde. Kasoma safari ya damu ndani ya moyo, nikafunga kitabu. Kaandika mistari mitatu. Damu kaiingiza upande wa kulia, kaifikisha kwenye mapafu, halafu kalamu ikasimama. Akasema, "Dada, naujua huu, naona hata ulipo kwenye ukurasa, chini ya picha." Pahala anapajua, kilichoandikwa hakijui.

Mwalimu_Konde
Ndiyo hayo hayo. Sasa afungue, atazame pale tu alipokwama, afunge tena na aanze mwanzo. Kesho aandike bila kusoma kwanza, kisha aache siku tatu, kisha wiki. Tangu mtaalamu wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus ajipime kumbukumbu mwenyewe, kitabu chake kikatoka 1885, inajulikana kuwa kusahau kunakimbia sana saa za mwanzo, baadaye kunapunguza mwendo. Ukirudia karibu na kusahau ndipo panaposhika. Na itamuuma, mwambie. Atajiona mjinga kuliko alipokuwa akipaka rangi.

HamadWaBarazani
Na habasoda?

Tabibu_Chake
Mpeni, haitamdhuru. Lakini asiinywe saa nane za usiku.

UmmuSalha
Samahani kuingilia uzi. Wangu yuko darasa la sita, hesabu za kuzidisha zinamtoka kila Jumatatu. Naye nimfungie daftari?

BiMwanaidi
Anazidurusi Jumamosi na Jumapili, au daftari linalala kwenye mkoba?