Msaada wakuu: nimetoka kutazama ndege mara ya kwanza, nimeambulia majani

Mgeni wa Darubini
Habari zenu wakuu. Jumamosi nilitoka kwa mara ya kwanza kwenda kutazama ndege, na darubini ya kuazima iliyoandikwa 10x42. Nilifika msituni saa nne asubuhi, nikazunguka kama saa tatu hivi. Milio nilisikia hadi basi, lakini ndege wenyewe niliona mikia tu ikitokomea. Nikiinua darubini naona majani, tena yanatetemeka kama niko juu ya trekta. Na jicho moja linaona vizuri, jingine ukungu mtupu.

Aliyetulia nikamwona ni mmoja, tena nje ya msitu, kwenye ukuta wa jengo nilipoanzia safari. Kandege ka kahawia, mdomo mnene, mgongoni michirizi myeusi, kifuani hakuna doa, na nyuma ya jicho mstari hafifu wa rangi ya maziwa. Nimepekua kitabu nikapata wanane wanaofanana naye. Au ni ndege adimu? Na nakosea wapi?

Kigogota
Saa nne, mkuu? Hapo wengi wameshakula, wako kivulini wamenyamaza. Kukipambazuka uwe umeshafika na umeshatulia.

Kutetemeka kusikutishe. Hiyo 10 inamkuza ndege mara 10, na mtikisiko wa mkono wako nao unakuzwa vivyo hivyo. Kwa anayeanza ningependelea 8x42: eneo unaloona kwa mara moja huwa pana zaidi, kwa hiyo unampata ndege kabla hajaondoka. 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita.

Majani unayaona kwa sababu unamtafuta ndege kwa darubini. Mtafute kwa macho. Ukimpata mkazie, usimwachie, kisha lete darubini usoni bila kugeuza kichwa. Jizoeze hata na ncha ya mlingoti, siku mbili tu mkono utazoea.

Mama Ninga
Huo ukungu wa jicho moja, mwanangu, wala darubini si mbovu. Angalia karibu na kioo cha jicho, mara nyingi upande wa kulia, kuna pete inayozunguka. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Halafu funga la kushoto, na sasa gurudumu usiliguse, zungusha pete peke yake. Ukimaliza kumbuka alama ya pete iko wapi, maana ukimwazima mtu ataivuruga. Kama unavaa miwani, shusha vile vikombe vya mpira.

Halafu punguza kutembea. Chagua ukingo wa msitu au wa maji, jua liwe mgongoni kwako, ukae. Ukilitazama jua kila ndege atakuwa kivuli cheusi. Robo saa ya kwanza utajiona mjinga. Baada ya hapo wanakusahau, wanatoka wenyewe.

Sikio Kali
Mbona mnampa kazi ngumu? Pakua Merlin, programu ya simu ya Chuo Kikuu cha Cornell, ni bure, inasikiliza mlio na kukutajia jina. Ukishalijua, cheza mlio huohuo kwenye simu, ndege anakuja mpaka mbele yako.

Kigogota
Nusu ya kwanza nakubali, ingawa Merlin nayo hukosea, jina inalotaja lichukulie kama fununu mpaka umwone. Nusu ya pili hapana. Dume akisikia huo mlio anadhani kavamiwa. Anaacha makinda na njaa akimsaka adui aliyeko mfukoni mwako.

Sikio Kali
Hilo la makinda sikulifikiria. Nimefuta maneno.

Mama Ninga
Turudi kwa huyo "adimu". Ukutani, mdomo mnene wa kuvunja mbegu, kifua kitupu, mstari nyuma ya jicho? Mimi nasema jike la shomoro. Dume ana utosi wa kijivu na weusi kooni, na ndiye anayepewa picha kubwa vitabuni, kwa hiyo majike yanatuchanganya sote. Rudi palepale uone anaandamana na nani.

Mgeni wa Darubini
Wakuu, nimerudi na mrejesho. Leo saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimeshakaa mbele ya ule ukuta, pete nimeirekebisha, macho yote mawili yanaona. Kalikuja kale kandege, kakaingia kwenye tundu chini ya paa. Muda si mrefu akaja dume, koo jeusi, amebeba unyasi mrefu kuliko yeye mwenyewe, kaushika katikati. Akajaribu kuingia, unyasi ukagonga huku na huku. Akarudi nyuma, akajaribu tena. Mara ya nne jike akatoa kichwa, akaukamata kwa ncha, akauvuta ndani. Dume akabaki amekaa ukingoni mdomo wazi.

Mama Ninga, ni shomoro. Msituni sikufika kabisa.

Darubini ya watu narudisha Ijumaa. Ninunue 8x42 au 8x32?

Kigogota
32 ni nyepesi shingoni, ila alfajiri inaingiza mwanga kidogo. Kwa saa ulizoanza kuamka, chukua 42.