Ati mbuzi "hana faida yoyote"! Mwenyekiti wa ploti yetu amenifika hapa

Asalaam aleikum waungwana. Naandika nikiwa na hasira, mnistahimilie.

Mamangu anafuga mbuzi watano uani hapa Majengo, mwaka wa tisa huu. Juzi baada ya isha mwenyekiti wa ploti akatuita barazani, akatupa siku saba mbuzi wawe wametoka. Sababu, harufu. Sawa, beberu ananuka, sibishi. Pia alimtafunia mwenyekiti pindo la kanzu ikiwa kwenye kamba, nikalipa bila neno. Lakini mzee akaongeza: "Na mbuzi mwenyewe mnyama gani? Hana faida yoyote."

Hana faida!

Alipomfanyia akika mjukuu wake wa kiume, wale mbuzi wawili walitoka wapi? Uani kwetu, na mmoja hajalipwa mpaka leo. Ngoma zilizokesha zikilia harusini kwa mwanawe, alidhani zimewambwa nailoni? Na chai yake ya jioni je? Mama akishakama, povu bado liko juu ya sufuria, mjukuu wa mzee kashafika mlangoni na kikombe cha bati. Mbuzi wenyewe twawalisha majani ya kabichi yanayotupwa soko la Kongowea. Maziwa kutoka kwa takataka, jamani!

Huko Irani, kwenye milima ya Zagros, watu wanafuga mbuzi tangu miaka kama 10,000 iliyopita. Mwaka 1991 ilipatikana maiti kwenye barafu ya milima ya Alps, mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 nyuma, na miguu yake ilikuwa imevikwa ngozi ya mbuzi. Kiriba walichobebea maji wasafiri wa zamani, kabla ya haya madumu ya plastiki, mara nyingi kilikuwa ngozi ya mbuzi. Sisi wenyewe kibao cha kukunia nazi tumekiita mbuzi! Mke wa mwenyekiti hukikalia kila siku akikuna nazi ya wali. Nacho kitolewe?

Angesema tuhamishe banda, tuoshe ua kila asubuhi, tungeelewana. Kumtusi mnyama anayemnywesha chai ndiko kulikoniudhi.

Sasa nisaidieni. Siku zimebaki nne, mama halali, na jioni hii mjukuu yuko mlangoni na kikombe chake. Nimtilie ama nimrudishe mtupu?