Kutoa feni ya mkanda kwenye Canter nifunge ya umeme, kuna aliyejaribu?

dereva_wa_mbao
Wakuu habari za muda huu. Nina Canter ya injini ya 4D33, nashusha mbao Dar kutoka Mafinga narudi na saruji. Sasa nikianza tu kupanda mlima Kitonga mshale wa joto nao unapanda, napaki pembeni utingo anaweka jiwe tunasubiri ipoe, ila tambarare haina shida kabisa. Fundi kaniambia feni ya mkanda, hii inayozungushwa na injini kupoza rejeta, inakula nguvu ya injini na mafuta, nitoe anifungie ya umeme, anayo moja ya gari ndogo. Nifunge?

spana17
Usithubutu mkuu. Kwanza Canter yako ni 24V na feni ya gari ndogo ni 12V, itaungua siku hiyohiyo. Pili ni kweli ya mkanda inakula nguvu, lakini ndo inakurudishia upepo, ya lori inaweza kula kilowati kadhaa wakati hizo ndogo ni wati 200 hadi 300 hivi. Kitonga unapanda gia nzito, injini inakamuliwa na upepo wa mbele hakuna, hapo ndo unataka feni yenye nguvu we unaweka ya kupoza chai 😂 Ukitaka ya umeme ifanane nayo, altaneta hiyo inayozalisha umeme wa gari haitabeba.

mtoto_wa_gereji
Mimi nilifunga kwenye pikapu ya petroli ya 12V na iko poa mwaka wa pili huu, ila nilivuta waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu na betri, rilei (swichi ya umeme mkubwa), na swichi ya joto inawasha kwenye nyuzi 95. Na sibebi saruji. Kwa Canter sikushauri kaka.

spana17
Na kabla ya yote, klachi ya feni umeicheki? Ile yenye mafuta mazito ndani, inayoikaza feni izunguke na injini ikipata moto. Ikichemsha zima gari, toa ufunguo, zungusha feni kwa mkono, ikizunguka yenyewe kama pangaboi basi imekufa. Angalia pia kava la feni kama lipo, mafundi wakilitoa huwa hawalirudishi sijui wanapeleka wapi, bila kava feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kupitisha kwenye rejeta.

dereva_wa_mbao
Dah mkuu kava halipo tangu nanunua, na feni nimeizungusha sahivi inaenda tu haikazi. Halafu fundi huyohuyo alishanitolea themostati, ile valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto, akasema ndo inachemsha gari.

spana17
Rudisha themostati, tafuta kava na klachi. Ukinunua klachi used angalia kama imevujisha mafuta katikati, na iwe inakaza kidogo mkononi, isiyokaza kabisa mwachie mwenyewe dukani.

mtoto_wa_gereji
Rejeta nayo ipulize kutokea upande wa injini, vumbi la mbao limejaa humo nakuhakikishia