Mbunge anaweza kweli kuongeza pesa za jeshi Lamu?

Mkunguni_Jioni (Lamu)

Asalaam aleikum jamaani. Barazani pamezuka mabishano. Mtaka kiti mmoja asema akifika Bungeni ataliongezea jeshi pesa za doria za msitu wa Boni na bahari ya Kiunga. Wengine wasema mbunge hana lake kwenye pesa za jeshi, kazi yake ni kuinua mkono tu. Ni lipi? Na Bunge lina neno gani jeshi likitumwa kazi? Na hawa wanajeshi wa Kimarekani wa kambi ya Manda, pesa zao hujadiliwa wapi? Nipeni vifungu na tarehe, maneno ya kampeni tumeyasikia ya kutosha.

Bi_Langoni

Waalaikumu salaam. Kwa namna anavyoisema huyo mtaka kiti, haiwezekani.

Pesa za jeshi zimo kwenye Fungu 1041 la makadirio ya bajeti. Ndani yake mna programu chache: Ulinzi, Misaada kwa Raia, Utawala na Mipango, na Masuala ya Anga za Juu. Hiyo ya kwanza ndiyo inayomeza sehemu kubwa, na imeandikwa kwa mkupuo. Haikugawanywa kwa kaunti, kwa hivyo hakuna mstari wa Lamu wa kuongezewa. Makamanda ndio wanaogawa baadaye.

Halafu kuna kifungu cha 39 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mbunge akitaka kuongeza mahali, lazima apunguze mahali pengine kwa kiasi kile kile. Akipunguza bila kuhamisha, kilichopunguzwa kinakwenda kupunguza nakisi ya bajeti. Basi tuseme ataka milioni 200 za boti za doria. Ataulizwa: zatoka wapi? Barabara za nani? Shule za nani? Hapo ndipo marafiki wa Bungeni wanapoadimika.

Anachoweza ni kuwahi. Wengi hungoja hotuba ya bajeti ya Juni, na Juni mambo yashakwisha. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kabla ya 15 Februari, na wabunge wana siku 14 za kuiamua. Mle ndimo viwango vya juu vya matumizi ya kila sekta huwekwa. Makadirio yenyewe huja kabla ya 30 Aprili, Mei yote ni ya kamati, na 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa. Mbunge aliyelala Februari, Mei atakuta anagombania vijisenti ndani ya kiwango kilichokwishawekwa.

Ngomeni_Kusi (Malindi)

Bi Langoni amesema kweli, ila ameacha mlango wa uani: bajeti ya ziada.

Kifungu cha 223 cha Katiba kinairuhusu serikali kutumia pesa kwanza na kuomba idhini baadaye, ikiwa zilizotengwa hazikutosha au limetokea jambo lisilotazamiwa. Idhini itafutwe ndani ya miezi miwili tangu pesa za kwanza zitoke. Kikomo ni asilimia 10. Hapa watu wengi hukosea: asilimia hiyo ni ya jumla yote iliyoidhinishwa na Bunge mwaka ule. Si asilimia 10 ya kila fungu. Kwa hivyo fungu moja laweza kuvimba sana na kikomo cha jumla kisiguswe.

Kwa ulinzi, mlango huu ndio mpana kuliko yote, kwa kuwa operesheni haingoji Aprili. Mafuta, posho na vipuri vinakwisha Desemba, pesa zinachukuliwa, mbunge analetewa Februari. Akikataa, mafuta yashachomwa. Mwenye kutaka kujua Bunge lina meno au halina, asitazame kura ya Juni. Achukue makadirio ya Juni na bajeti ya ziada, aweke Fungu 1041 ubavuni kwa ubavu, atazame tofauti. Kisha asome ripoti za Msimamizi wa Bajeti aone kilichotumika hasa.

Kifungu241

Kuhusu kutuma jeshi, kifungu cha 241(3) cha Katiba kina njia tatu, na watu huzichanganya.

(a) Kulinda nchi na mipaka yake. Ni kazi ya kila siku, haihitaji kura.
(b) Kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa. Jeshi latoka kwanza, Bunge la Kitaifa linaarifiwa.
(c) Kurudisha amani sehemu ya nchi iliyochafuka. Hapa ni lazima Bunge la Kitaifa liidhinishe.

Tofauti ya (b) na (c) ni pana: moja ni taarifa, nyingine ni ruhusa. Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, jeshi lilitolewa kwa tangazo la Gazeti Rasmi, na hoja ya kuliidhinisha ikapita kesho yake, tarehe 26. Kura ilikuja askari wakiwa wameshapewa amri.

Nje ya nchi ni 240(8): Baraza la Usalama wa Taifa, kwa idhini ya Bunge. Tazameni neno moja pale, "majeshi". Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama Kuu ilizuia polisi kupelekwa Haiti kwa njia hiyo, kwa hoja kwamba kifungu kinahusu majeshi, na polisi ni huduma. Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha. Kura ya wabunge haitibu kasoro ya kifungu.

Na Somalia, ambayo nyinyi wa Lamu mwaijua zaidi. Baada ya utekaji wa Kiwayu na Manda mwaka 2011, jeshi lilivuka mpaka Oktoba kwa hoja ya kujilinda. Bunge liliulizwa Desemba, na swali lilikuwa la kujiunga na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia. Umoja wa Mataifa ukapitisha azimio 2036 Februari 2012. Swali hilo lilikuwa la pesa pia: nje ya AMISOM kila shilingi yatoka kwa mlipa kodi wa Kenya. Ndani yake Umoja wa Ulaya ulikuwa ukilipia posho, dola 1,028 kwa askari kwa mwezi, hadi 2016 ilipopunguza kwa asilimia 20.

Mkoko_wa_Manda

Wamarekani: Bunge lao, Congress, lina hatua mbili. Sheria moja ya ulinzi, inayopita kila mwaka tangu 1961, inaruhusu jambo lifanywe. Sheria nyingine ndiyo inayotoa pesa. Ukiwa na ya kwanza bila ya pili una kibali na mfuko mtupu.

Mwaka wao waanza 1 Oktoba, na mara nyingi hawajakubaliana. Hupitisha sheria ya muda inayoendeleza matumizi ya mwaka uliopita, na chini yake, bila ruhusa maalumu, mradi mpya hauanzi. Kwa hivyo kambini mshahara na mafuta huendelea, lakini ujenzi mpya hukaa ukingoja watu wanaobishana Washington.

Siasa za jimbo nazo hawajazishinda. Mwaka 2012 jeshi lilisema halihitaji vifaru zaidi kwa muda, Congress ikatoa pesa kiwanda cha Lima, Ohio, kisifungwe. Mwaka 2023 seneta mmoja, Tommy Tuberville, alizuia kupandishwa vyeo kwa maofisa wa jeshi zaidi ya 400 kwa miezi. Na kwa hilo la polisi wa Kenya kwenda Haiti, wakuu wa chama cha Republican kwenye kamati walizuia fedha za Marekani za kazi hiyo, hadi Wizara ya Mambo ya Nje ikapita juu ya zuio Juni 2024 ikatoa dola milioni 109. Sheria haikuandika zuio lile. Ni ada yao tu, na yafanya kazi.

Bi_Langoni

Mwenye kutaka kufanya jambo badala ya kubishana, aandike waraka. Uende kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, utaje Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Nje, utaje Fungu 1041 na jina la programu. Ufike tangazo la maoni likitoka magazetini, kwa kawaida Mei.

Nyaraka nyingi hutupwa kwa sababu tatu. Zimechelewa. Au zimepelekwa kwa seneta, ilhali Seneti haipigii kura fungu hili. Au zimeandikwa "tunaomba usalama", neno ambalo karani hana pa kulitia. Andika "boti moja ya doria, kituo fulani, mafuta ya miezi 12".

Mkunguni_Jioni

Shukrani nyingi. Na polisi wa akiba wa Basuba, nao wamo 1041?

Ngomeni_Kusi

La, yakhe. Hao ni wa Huduma ya Taifa ya Polisi, fungu lao ni jingine na kamati yao ni ya Utawala na Usalama wa Ndani. Na barabara ni fungu la tatu. Bomu la kutegwa hufukiwa vumbini kwa dakika chache, kwenye lami linahitaji kuchimbuliwa na alama inabaki. Basi lami ya barabara ya Bodhei, huko huko Lamu, ni ulinzi kama ulinzi mwingine, ila Kamati ya Ulinzi haitaiona hata mara moja kwenye makaratasi yake. Waraka wako uwe na nakala tatu.