Vituo vidogo vya TV Marekani vyenye majina ya K26 sijui nini, historia yake ikoje?

Mtoto wa Kariakoo:
Wakuu salama? Niko Minnesota huku, nimeacha kulipia kebo nikanunua antena ya dirishani, nimeskani nikapata chaneli kibao ila kuna zingine jina ni K halafu namba halafu herufi tena, ukitoka mji kidogo tu zimekata. Naambiwa ni TV za nguvu ndogo. Nani alizianzisha na zinaishije, maana ni mahubiri tu na kuuza sufuria. Mwenye kujua atiririke.

Fundi Mnara:
Mkuu hapo Minnesota ndo penyewe, moja ya vituo vya kwanza kabisa ni K26AC ya Bemidji, kaskazini huko kwenye baridi. K ni magharibi ya mto Mississippi (mashariki wanatumia W), 26 ndo chaneli yenyewe.

Ilianza hivi: vijiji vya mabondeni signo ilikuwa haifiki, watu wakawa wanapandisha mtambo mlimani kudaka TV ya mjini na kuirusha upya, wengine bila kibali, mpaka FCC (hao ni kama TCRA yetu) wakahalalisha 1956. Ila kurusha vipindi vyako mwenyewe marufuku. 1982 ndo wakaruhusu, transmita wati 10 kwa VHF (chaneli 2 mpaka 13) na 1000 kwa UHF (14 kwenda juu), na maombi yalishakuwa mengi mno hadi leseni zikaanza kutolewa kwa bahati nasibu, sitanii.

Ubaya upo kwenye masharti. Kituo kidogo cha namna hii ni mpangaji asiye na mkataba: hakiruhusiwi kumwingilia mkubwa (kituo cha nguvu kamili) kwenye masafa yake, mkubwa akikiingilia kinavumilia, chaneli ikitakiwa kinahama. Kampuni za kebo nazo mara nyingi hazilazimiki kukibeba.

Bi Shangazi:
Na wamehamishwa kweli kaka, baada ya ule mnada wa masafa wa 2017 chaneli 38 mpaka 51 zikaenda kwenye simu, wengi wakafungasha. Pesa ya kuwasaidia kuhama ikaja 2018 Bunge lilipotenga hadi dola milioni 150. Waliopona ni wale wa Class A (daraja maalum la hawa hawa wadogo), sheria ya 1999 iliwalinda ila lazima uwe hewani saa 18 kwa siku na vipindi vya hapohapo wastani wa saa 3 kwa wiki. Saa 3 tu jamani na bado ziliwashinda wengi, ndo maana unaona sufuria.

Mtoto wa Kariakoo:
Duh. Kumbe analojia walizimiwa lini?

Fundi Mnara:
Wakubwa Juni 2009, hawa wadogo waliachwa mpaka Julai 2021. Sisi Dar ilizimwa 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata, na sasa TV ya mkoani isipobebwa kwenye king'amuzi au kebo hakuna anayeiona, mnara wako unabaki wa kuanikia nguo.

Kijana wa Redio:
Msisahau wajanja wa chaneli 6. Sauti ya chaneli 6 ya analojia inaangukia 87.7 FM, kwahiyo mtu ana leseni ya TV, kwenye skrini kaweka picha ya samaki wanaogelea, kumbe biashara yote ni redio watu wanasikiliza kwenye gari. FCC walizunguka na hilo miaka mingi, 2023 wakakubali 14 waendelee na hiyo sauti ya analojia hata baada ya kuzima kwa 2021.

Bi Shangazi:
😂😂 samaki nawakumbuka kabisa